Majuto ya Kibonge

Kila ukoo una mtu wake anayejua sheria, na mara nyingi huyo ndiye anayestahili kufungiwa ndani siku ya kesi. Ukoo wa msusi mmoja ulikuwa na Mjomba. Zamani Mjomba aliwahi kuwa tarishi wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kutoa mafaili chumba hiki na kuyapeleka chumba kile, na mwenyewe aliamini kwamba sheria yote ilimwingia kupitia kwapani. Alikuwa akija kwa dada yake, mama yake msusi, anakaa kwenye kochi, anakunja nne, anakohoa kijaji, halafu anaanza na "kwa mujibu wa". Watu wazima wenye akili zao timamu walinyamaza kumsikiliza.

Kwa hiyo Kibonge, mdogo wake msusi, alipokamatwa kwa tuhuma za kumuua mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuna aliyekimbilia kwa wakili. Walikimbilia kwa Mjomba.

Mambo yenyewe yalikuwa mepesi kueleza. Kibonge alikuwa mbeba mizigo katika duka lile. Akafukuzwa, na siku ya kufukuzwa akapayuka mbele ya wateja kwamba huyo mzee atamtambua. Wiki haijaisha, mzee akakutwa stoo kwake katikati ya mifuko ya saruji, amepigwa kichwani kwa mpini wa sepetu. Sasa, jioni aliyouawa mzee, Kibonge alikuwa amelala chumbani kwa dada yake, homa imemkamata mpaka meno yanagongana. Msusi ndiye aliyemkanda kwa kitambaa cha maji, na ndiye aliyeshika beseni alipotapika. Mama yao hakuwepo, alikwenda kumuuguza mdogo wake aliyejifungua. Kwa hiyo waliojua habari ya homa walikuwa wawili tu, mgonjwa na mshika beseni.

"Hilo la homa lifuteni kabisa," Mjomba alimwambia msusi. "Dada akimtetea mdogo wake, jaji anacheka moyoni. Haya mambo nimeyaona kwa macho yangu. Kijana aseme alikuwa amelewa, alikwenda pale kudai haki yake, kilichotokea hakikumbuki. Mlevi hanyongwi. Mlevi anapewa miaka yake michache, anatoka, anaoa."

"Lakini Mjomba, hakwenda."

"Nani amekuuliza kama alikwenda? Tunazungumzia sheria hapa."

Na kweli hakuuliza. Siku ile wala baadaye, Mjomba hakuwahi kumuuliza Kibonge kama aliua au hakuua. Lilikuwa swali dogo mno kwa mtu wa kiwango chake. Wakili aliyepangwa na serikali naye alikutana na Kibonge mahabusu asubuhi ya kesi, akiwa bado anatafuna kifungua kinywa, akafurahi kukuta utetezi umeshapikwa. Kibonge alikuwa kijana wa kuwasikiliza wakubwa zake. Akapanda kizimbani, akasema alikwenda pale amelewa, kilichotokea hakikumbuki. Jaji akaandika. Halafu jaji akauliza ni nani aliyemwona amelewa, na hakupatikana mtu, kwa sababu kijana mwenyewe pombe alikuwa haijui hata harufu yake. Akahukumiwa kunyongwa hadi kufa. Mama alianguka pale pale kwenye benchi, na Mjomba akatoka nje akisema jaji huyu hajaiva, rufani itamfunza adabu.

Rufani! Asiyewahi kuisubiri anadhani ni mtu kwenda mahali akasikilizwa. Msusi alijifunza kuwa kwanza lazima mwenendo wa kesi uchapwe. Haukuchapwa. Ulipochapwa, ukurasa mmoja ukapotea. Ukurasa ulipopatikana, jaji mmoja akawa amestaafu, na aliyeletwa badala yake akawa kwenye semina. Wakati wote huo kuna mtu anakaa kwenye chumba chembamba akisikiliza buti za askari, ajue zinapita au zinasimama mlangoni pake. Nchi ilikuwa haijamnyonga mtu kwa muda mrefu, ila ilikuwa haijasema imeacha. Kibonge alikonda hadi jina lake likawa kama la kejeli, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtafutia lingine.

Msusi aliendelea kusuka. Wateja walikuja saluni na vichwa vyao na maswali yao. "Eti mdogo wako bado yupo?" mmoja alimuuliza akiwa ameshasukwa upande mmoja, na msusi akavuta zile nywele mpaka machozi yakamtoka mwenye kichwa. Nyumbani, Mama aliishi kwa jambo moja. "Mwanangu hakuua," alikuwa akisema akiamka, akisema akilala, akiwaambia hata wauza maji. Alilijua hilo kwa sababu binti yake alimwambia habari ya homa, na binti yake hakuwa na tabia ya kumdanganya.

Kwenye rufani ya kwanza yule wakili aliyepangwa na serikali alirudia ulevi ule ule, na ule ule ulevi ukakataliwa. Ndipo akatokea wakili wa kujitolea, mwanamke mwembamba mwenye miwani, na huyo, ajabu ya maajabu, ndiye mtu wa kwanza katika kesi nzima kumuuliza Kibonge, "Ulikuwa wapi jioni ile?" Alipojibiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtazama msusi kwa muda. Pengine alikuwa akimtukana mtu moyoni, na msusi alimjua huyo mtu ni nani.

Wakili huyo alisimama mbele ya majaji watatu wa mahakama ya juu kabisa. Wa kushoto alikuwa akisinzia kwa heshima.

"Waheshimiwa, mteja wangu hakuwepo eneo la tukio."

"Amesema mwenyewe alikuwepo," akasema wa katikati.

"Alishauriwa vibaya. Alisema uongo."

"Kwa hiyo, wakili, unatuambia mteja wako aliidanganya mahakama kwa kiapo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na leo anataka aaminiwe?"

Yule wa kulia akacheka kidogo, kile kicheko cha watu wanaojua watakula mchana nini. Rufani ikatupwa. Wakili aliomba mapitio, wakamwambia mapitio ni kwa ajili ya makosa yanayoonekana kwenye makaratasi, na makaratasi ya Kibonge yalikuwa safi kabisa, hayana doa. Msusi aliwatazama wakinyanyuka na majoho yao. Watu wamesoma mpaka vichwa vimeota upara, na kwa miaka yote hiyo walichofanya ni kusomeana uongo wa Mjomba.

Ilibaki huruma. Na huruma ilikuwa inahitajika haraka, kwa sababu waziri mpya alikuwa amesimama jukwaani na kutangaza kwamba kamba za serikali hazikununuliwa ziwe mapambo. Umati ulimpigia makofi. Ilikuwepo kamati ya kumshauri mkuu wa nchi nani asamehewe kitanzi abadilishiwe kifungo cha maisha, na kamati ilikuwa na ofisa wake, mama mwenye sauti ya upole na kucha zilizopakwa rangi vizuri. Msusi alikwenda ofisini kwake.

"Shida ya huyu kijana bado anakana," alisema ofisa. "Kamati inataka kuona majuto. Mtu anayekana hawezi kujutia."

"Na kama hakuua, mama?"

"Dada yangu, hilo lilishaisha mahakamani. Sisi hapa tunashughulika na waliokwisha kuua."

Alilisema vizuri kabisa, bila ubaya, kama anayemwelekeza mtu dirisha sahihi. Msusi alitoka pale akarudi nyumbani kwa Mama. Akamkuta Mjomba kwenye kochi.

"Aombe msamaha," akasema Mjomba. "Akiri, alie, aombe msamaha. Kwa mujibu wa kanuni za huruma—"

Na safari hii Mjomba alikuwa sahihi. Hicho ndicho kilichomuuma msusi kuliko yote. Alikuwa amemchukia huyu mzee kwa hasira iliyokomaa, na sasa alikuwa anachukua ushauri wake na kuupeleka gerezani kwa miguu yake mwenyewe. Hakumwambia Mama. Alimjua, angekwenda kulala langoni kwa bwana jela kuzuia. Alijisemea atamweleza baadaye, mtoto akishapona.

Kibonge alimsikiliza dada yake kupitia wavu, ametulia.

"Sawa, Dada," alisema. "Lakini nilimuuaje?"

"Nini?"

"Wataniuliza. Nikisema sikumbuki wataniambia sijutii. Mimi sijui alipigwaje. Wewe umeisoma hukumu, nifundishe."

Basi msusi akamfundisha. Ile hukumu aliijua kwa moyo, aliisoma mara nyingi akitafuta mahali pa kuitoboa. Akasogeza mdomo karibu na wavu, askari akiwa upande wa pili anachokonoa meno, akaanza kumweleza mdogo wake jinsi alivyoua. Uliingia mlango wa nyuma. Sepetu zilikuwa zimesimamishwa kushoto. Mpini wa kwanza uliuacha, ukachukua wa pili. Kibonge alirudia kila neno, na kila alipokosea dada yake alimsahihisha.

"Nikampiga usoni."

"Hapana, kisogoni. Daktari alisema kisogoni."

"Kisogoni. Nikatoka mbele."

"Nyuma, Kibonge! Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli!"

Alimkaripia kama zamani alipomfundisha kusoma, na alipojisikia akimkaripia hivyo alitamani ardhi ipasuke. Lakini aliendelea, wiki baada ya wiki, mpaka kijana akaweza kuua bila kukosea hata mahali pamoja.

Siku ya kamati, msusi alifika mapema akakaa nyuma. Muda mfupi baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia Mjomba amevaa tai, na mkononi amemshika Mama.

"Umemleta wa nini?" msusi alinong'ona.

"Mama mzazi akilia, kamati inalainika," akajibu Mjomba kwa sauti ya mtu aliyefikiria kila kitu. "Wewe sheria huijui."

Hakukuwa na nafasi ya kumtoa. Kibonge alishaingizwa na pingu zake. Alimwona Mama, akababaika, akamtafuta dada yake kwa macho. Msusi angeweza kutikisa kichwa kumzuia. Hakutikisa.

Kibonge akasimulia. Mlango wa nyuma, sepetu, mpini wa pili. Alisimulia taratibu, hakosei, na wajumbe wakaacha kupekua makaratasi. Halafu akaongeza la kwake, ambalo hakufundishwa na mtu.

"Hakujua nimekuja kwa ubaya," alisema. "Aliniona, akaniambia, mwanangu, hebu ngoja kwanza nifunge stoo. Akanigeuzia mgongo. Ndipo nikampiga."

Mzee yule alikuwa akiwaita wafanyakazi wake wote "mwanangu", hata siku anapowakata mshahara. Kibonge alimjua vizuri. Ofisa wa kucha nzuri alifuta macho. Mwenyekiti akasema kwamba kwa muda wote aliokaa kwenye kiti kile hajaona majuto ya dhati kama haya. Mjomba alikuwa akitingisha kichwa kwa fahari, mithili ya mwalimu aliyefaulisha. Na Mama hakulia. Alikaa wima, mikono kwenye mapaja, akimtazama mtoto wake bila kupepesa.

Kitanzi kikaondolewa. Kibonge akapewa maisha yake yote, ayaishi humo humo ndani.

Msusi alimweleza Mama jioni ile ile, jikoni, mlango umefungwa. Alieleza yote: ofisa, wavu, hukumu, mafunzo. Alieleza mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa akipembua mchele, na hakuacha.

"Na hilo la kufunga stoo," alisema, "ulimfundisha wewe?"

"Hilo alilitunga mwenyewe, Mama. Ili waamini."

"Hilo halitungwi. Aliyelisema lile alikuwepo." Mama alipuliza makapi. "Wewe ndiye uliyeniambia alikuwa na homa. Nimewaambia watu wote wa mtaa huu. Nimemwambia mjane wa yule marehemu, mbele ya watu, kwamba ni mwongo na atalaaniwa. Yote kwa maneno yako."

"Mama, nilishika beseni kwa mikono yangu hii."

"Mmenifanya mjinga, wewe na mdogo wako," alisema Mama, na toka hapo habari ile hakuizungumza tena. Msusi alilia, akaapa, akamleta hata yule wakili wa miwani. Mama alimkaribisha wakili vizuri, akamsikiliza, akamsindikiza hadi barabarani. Kesho yake alikwenda kwa mjane kuomba radhi, amejifunika uso kwa khanga.

Wafungwa wa maisha wanaruhusiwa kukaa na wageni meza moja, bila wavu. Siku ya kwanza Kibonge alikuja amenyolewa, amevaa shati lililopigwa pasi. Alimshika dada yake mkono, akaushikilia, akiutazama kama kitu cha ajabu. Halafu akatazama mlangoni.

"Mama hajaja?"

"Miguu inamsumbua."

Kibonge alikuwa amezoea kusikiliza hatua za watu, na alijua miguu ya Mama haijawahi kumzuia kuja.

"Siku ile," akauliza, "Mama alinisikia vizuri?"

"Alikusikia."

"Akaamini?"

Msusi alifumba macho. Uongo aliokuwa nao wote alishaumaliza.

"Aliamini, Kibonge."

Kibonge akaitikia kwa kichwa, pole pole, akauachia mkono wa dada yake.

"Basi nilisema vizuri," alisema.