Ngoma ya Mjerumani wa Mkolani

Tangu Mwanza ipewe mawe yake, hajazaliwa mtu wa kumkamata Chenge kwa mdomo. Aliyasema hayo mwenyewe, asubuhi ile, mbele ya walimu wenzake pale shuleni Mkolani, kiazi kitamu mkononi na chai ya rangi kwenye kikombe cha bati. Akaongeza kwamba huyo msomi wa Chuo Kikuu, Rutashobya, jioni atarudi kwao Bukoba kwa miguu, tena kwa kulizunguka ziwa, maana hata meli itamwonea haya.

Walimu wakacheka. Chenge akajitwika ngoma ya shule, ile inayopigwa kuwaita watoto mstarini, akashuka nayo mjini.

Ulikuwa mwaka sabini na tatu. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba historia ya taifa iandikwe upya, na safari hii waandike wenyewe. Vitabu vya mkoloni vilidai hatukuwa na historia mpaka alipofika yeye na kofia yake. Basi kila wilaya ikatakiwa itoe shujaa aliyempinga Mjerumani, aingie kwenye kitabu cha shule za msingi. Ikawa kama msimu wa pamba: kila mtu analeta gunia lake kwenye mizani, na wajanja wamelimwagia maji lizidi uzito.

Gunia la Chenge lilikuwa babu yake, Mayala.

Balaa ni kwamba Mayala alikuwamo kwenye gunia la Rutashobya pia. Msomi huyo alikuwa ameizunguka Mkolani na kinasa sauti kikubwa kama kreti ya soda, akiwauliza watu habari za Mjerumani. Alichorudi nacho ni hiki: Mayala alikuwa mnyapara. Aliwakamata vijana wa kubeba mizigo ya Wajerumani, na wengi wao hawakurudi. Mpaka leo mtoto wa Mkolani akikataa kulala, mama yake humwambia, "Nyamaza, Mayala anakuja." Rutashobya alitaka hilo lichapwe, jina likiwemo.

Na Chenge alikuwa na binti darasa la tatu. Kila akifumba macho alimwona amesimama mbele ya wenzake, kitabu mkononi, anasoma kwa sauti jina la ukoo wake, na darasa zima linamgeukia. Ubaya zaidi, alijua kuwa Rutashobya hakukosea. Kiboko cha babu kilining'inia kwao juu ya mlango mpaka siku mama yake alipokitia motoni.

Kikao cha kumchagua shujaa wa wilaya kilikuwa kwenye ukumbi wenye mabenchi magumu. Wajumbe wengi walikuwa watumishi wa kuhamishwa huku na huku, na mwenyekiti, Mama Odeta, ofisa elimu, alikuwa amehamia kutoka Tabora juzi juzi. Mama wa maneno machache, uso umefungwa kama duka la Jumapili. Chenge hakujisumbua kuuliza asili yake ni wapi.

"Ndugu Mwenyekiti," Rutashobya alianza, akipangusa miwani, "mwanahistoria si mpambaji wa arusi. Wanaotaka kupambwa wamwite mpambaji."

"Wala si polisi," Chenge akadakia. "Wanaotaka kukamata watu, kituo kiko pale chini."

"Taifa lililotoka kifungoni jana lina haki ya kujua nani alilishika mikono likichapwa."

"Na huko kwenu Mjerumani alichapa migomba tu, watu akawaacha?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Rutashobya akasubiri kiishe.

"Kwetu pia walikuwapo. Nimewaandika. Babu yake mama yangu ni mmojawapo."

Chenge akaona ukumbi unamponyoka, akaukamata haraka.

"Basi hongera kwa kuwaanika wazee wako. Wangu usiniguse! Wewe umekusanya vitisho vya kulazia watoto ukaviita historia. Mimi nimeleta wimbo, na nimeleta ngoma."

Akamsimamisha Mzee Mhoja. Alikuwa amemchagua kwa mvi zake, nyeupe kama pamba daraja la kwanza, na kwa sababu mzee huyo alihamia Mkolani miaka michache tu iliyopita, kwa hiyo hakujua mengi ya kuharibu mambo. Mzee akakohoa, akaimba, Chenge akitafsiri Kisukuma chake mstari kwa mstari:

"Ni mimi Mayala, nani kama mimi? Wageni walivuka maji wakiringa. Nimewatimua uwanjani, wamekimbilia majini, ngoma yao wameiacha."

"Mzee," Rutashobya akauliza, "wimbo huu ni wa lini?"

"Wa zamani."

"Zamani ipi?"

"Hiyo hiyo ya zamani, mwanangu. Mimi niriukuta. Mkorani yote wanauimba."

"Sikieni hayo!" Chenge akaipandisha ngoma mezani kwa kishindo. "Wageni waliovuka maji ni nani kama si Wajerumani? Na jeshi gani la Mjerumani lilitembea bila ngoma? Hii hapa. Waliiacha wakimkimbia Mayala. Oneni huu ufa ubavuni: risasi hiyo! Wazee wetu wakaushona kwa waya, wakaitunza."

"Hakuna kumbukumbu yoyote ya Wajerumani kukimbia Mkolani," Rutashobya akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wewe ukipigwa, utakaa chini uandike kwamba umepigwa?"

Hapo makofi yakalia. Rutashobya akaketi. Siku zote alizoshinda Mkolani alizipita ngoma za watu kama anayepita msiba wa mtu asiyemjua. Kwake ngoma ilikuwa starehe, na historia ilikuwa kitu kingine. Sasa starehe ilikuwa imemkalia kifuani na hakujua aishike wapi aiondoe. Chenge alimtazama kwa furaha mbaya. Tayari aliiona picha ya babu kwenye kitabu, mkuki mkononi, na binti yake anasoma kwa sauti, kidevu juu.

Mama Odeta akasimama. Akaizunguka ile ngoma, akainama, akapitisha kidole juu ya waya ulioshona ufa.

"Mwalimu Chenge. Wimbo huu ulipoimbwa mara ya kwanza, wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi? Sijazaliwa, Mwenyekiti. Hata baba alikuwa hajafikiria kuoa."

"Una hakika?"

"Mama, mimi na vita vya Mjerumani wapi na wapi?"

"Haya." Akamgeukia mzee. "Baba, manju anayeongoza nyimbo kwenye ngoma za mavuno, hapa kwetu huimba kwa jina la nani?"

Chenge alisikia lile neno, kwetu; yeye alidhani mama huyu ni wa Tabora.

"Ra babu yake," Mzee Mhoja akajibu, akishangaa mtu mzima kuuliza jambo hilo. "Akijiimba mwenyewe watamzomea. Manju husema, mimi ni furani, anamtaja babu. Hata babu awe mwizi wa mbuzi."

"Asante, baba. Ndugu Rutashobya, hukuuliza habari za ngoma, kwa hiyo nitakueleza. Baada ya mavuno Wasukuma hushindana kucheza, makundi mawili, Bagika kwa Bagalu. Uwanja mmoja, saa ileile, kila kundi upande wake. Watazamaji wakikuacha wakahamia kwa mwenzio, umeshindwa, na utaimbiwa mwaka mzima."

"Ndugu Mwenyekiti," Chenge akaingilia, "hayo ya michezo hayahusiani na..."

"Kaa chini!"

Akakaa.

"Mwaka mmoja baada ya uhuru, Bagika wa Sengerema walivuka na kivuko cha Busisi, wakaja kucheza Mkolani. Hao ndio wageni waliovuka maji. Manju wa Bagalu alikuwa kijana mwembamba, kichwani manyoya ya mbuni, njuga miguu yote. Anaimba, mimi Mayala, mimi Mayala, na watu wanacheka mpaka wanakaa chini. Mdomo alikuwa nao. Nilikuwapo. Manju wa Bagika alikuwa baba yangu, na kibuyu cha maji yake nilikibeba mimi."

Chenge aliitazama miguu yake, ile iliyovaa njuga siku hiyo.

"Na hatukukimbia," Mama Odeta akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Kivuko cha mwisho kilikuwa kinaondoka! Watu waliondoka kwetu kwa sababu tulikuwa tunafunga mizigo. Ngoma hatukuiacha. Tuliitafuta uwanja mzima, mkatuambia labda imetembea. Baba hakucheza tena. Wimbo wenu ulivuka ziwa ukamfuata mpaka sokoni Sengerema. Wanunuzi wa dagaa walimwimbia usoni. Alikufa wakiuimba."

Akaigeuza ngoma, ubavu wenye ufa ukawaelekea wajumbe.

"Risasi, eti! Huu ni waya wa breki ya baiskeli. Baiskeli yangu ya kuendea shule. Niliukata mwenyewe nikamshonea baba, na fundo hili la kushoto nililifunga kwa meno. Mwalimu, Mjerumani gani huyo aliyeendesha Raleigh?"

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma Chenge kuliko yote.

"Mwenyekiti," alisema polepole, "nina mtoto darasa la tatu."

"Na mimi nilikuwa mtoto. Mayala ataandikwa alivyokuwa. Kwamba mjukuu wake aliona aibu, hilo nalo liandikwe, ni historia." Akamgeukia Rutashobya. "Na wewe usitabasamu. Ungeshinda au ungeshindwa leo, vyote bila kujua kwa nini. Mashine yako inafanya kazi?"

"Inafanya, Mama."

"Iwashe."

Magurudumu ya kinasa sauti yakaanza kuzunguka. Mama Odeta akaisukuma ngoma ya baba yake mpaka ikagusa magoti ya Chenge.

"Mzee Mhoja hakuimba ubeti wa mwisho, ule unaomtaja baba yangu kwa jina. Hakufundishwa. Haya, manju. Uimbe wewe."

Chenge akafungua mdomo wake, ule ambao hajazaliwa mtu wa kuukamata. Mashine ikaendelea kuzunguka, ikinasa kimya chake.