Koplo Aliyewavua Watu Viatu

Kabla kijiji hakijawa na kituo cha polisi, kilikuwa na koplo. Lori la serikali lilimshusha na begi, baiskeli na mke ambaye bado alikuwa akiona haya kuwatazama watu usoni. Hapakuwa na ofisi wala mahabusu. Palikuwa na nyumba ya vyumba viwili. Koplo akaamua cha mbele kiwe cha serikali, cha nyuma kiwe chao, na mkewe akawa anafagia vyote.

Mlango wa chumba cha mbele haukuwa na kufuli. Koplo aliomba kufuli wilayani mpaka akachoka, kisha akabuni njia yake mwenyewe: aliyekamatwa alivuliwa viatu. Viatu viliwekwa juu ya kabati, mwenyewe akakaa kwenye benchi kungoja shauri lake. Nje palikuwa na miiba, na zaidi ya miiba palikuwa na aibu. Hata aliyekuwa hana kitu kijijini alikuwa na kandambili zake, kwa hiyo mtu mzima akionekana peku, kila mtu alijua huyo ni mtu wa koplo. Watoto walitishana, "Utawekwa peku wewe!" Walevi walikuja wenyewe, viatu mkononi. "Afande, leo nimejileta, nipunguzie." Kijiji kilicheka, na koplo akacheka nacho.

Mkewe, ambaye sasa ni mjane na kila mtu anamwita Mama Koplo, aliyakumbuka hayo yote siku mwenyekiti wa kamati ya ufunguzi alipopiga hodi kwake. Kituo kipya kilikuwa tayari, kimepigwa lipu, kina mabati mekundu. Kwenye ukuta wa mapokezi yangeandikwa kwa rangi majina ya wakuu wote tangu mwanzo, na historia yao ingesomwa mbele ya watu.

"Nimekuja na habari njema na kajambo kadogo," mwenyekiti alisema, amekaa ukingoni mwa kiti.

"Anza na hako kadogo, mwanangu. Njema haina haraka."

Mwenyekiti akakohoa. "Jina la mzee litakuwa la kwanza kabisa. Ila kwenye historia tutasema alistaafu. Mambo ya yule kijana hatuyagusi."

"Hakustaafu. Alifukuzwa."

"Ndiyo maana nasema tuseme, mama. Ukikubali, jina linaandikwa. Usipokubali, wazee wa kamati wanataka tuanzie kwa sajini."

Mama Koplo alilitaka jina lile ukutani kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Mumewe alikufa akiwa fundi baiskeli, mikono imejaa grisi, na siku ya maziko hakuja hata askari mmoja. Watu walikuwa wakisema kituo kilianzishwa na sajini aliyemfuata, yule aliyeleta nondo na kufuli, kana kwamba ile miaka ya mwanzo hakuna aliyeiishi.

"Niache kwanza nizungumze na mtu," alisema.

Mtu huyo alikuwa mshonaji wa pale sokoni, dada wa yule kijana. Miaka yote walikuwa wakisalimiana kwa mbali, kila mmoja akiongeza mwendo.

Kijana mwenyewe alikuwa mwashi. Alikamatwa kwa sababu ya mbuzi aliyepotea. Mchana, kijana akiwa bado kwenye benchi, koplo aliona soli ya kiatu chake imeachia, akavipeleka viatu kwa fundi kwa hisani tu. Jioni mbuzi akarudi mwenyewe, kamba shingoni. Mawingu yalikuwa yametanda. "Nenda nyumbani, mama yako hajatulia," koplo alimwambia. "Viatu utavifuata kesho." Kijana akatoka mbio kuiwahi mvua. Watu sokoni wakamwona anakimbia peku. Mmoja akapiga kelele, "Mtu wa koplo katoroka!" Koplo alipofika na baiskeli yake, mvua ilikuwa inamnyeshea mtu ambaye hakuinuka tena. Waliokuwa wameshika mawe walisema walikuwa wanaisaidia polisi. Aliyeadhibiwa ni koplo peke yake.

"Shikamoo, mama," mshonaji alisema, mguu umesimama juu ya pedali ya cherehani. "Umeleta kitambaa au umeleta maneno?"

"Marahaba, mwanangu. Maneno." Akamweleza yote, hata kwamba jina analitaka.

Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Mimi na koplo hatuna ugomvi. Siku ile alikuja kwetu amelowa chapachapa, akampigia mama magoti. Wale waliorusha mawe hakuja hata mmoja. Wananiletea suruali nizipunguze. Nawapima viuno, nanyamaza."

"Basi jina likae?"

"Likae, kwa nini lisikae? Lakini mkisema alistaafu, maana yake hapa hakuna kilichotokea. Na hicho ambacho hakikutokea ni kaka yangu."

"Nisipokubali, hawaliandiki."

"Hapo siwezi kukuamulia, mama."

Mama Koplo alimjibu mwenyekiti kwa kichwa tu, na mwenyekiti akachukulia kwamba amekubali.

Siku ya ufunguzi viti vilijaa mpaka chini ya madirisha. Mkuu mpya wa kituo, inspekta wa kike ambaye hata mwezi alikuwa hajamaliza pale, alisoma kutoka kwenye karatasi aliyopewa. "Mkuu wa kwanza alikuwa koplo, aliyefanya kazi kwa uaminifu mpaka alipostaafu..."

Mama Koplo akasimama. Akashika kiti cha mbele yake.

"Samahani, afande. Hakustaafu."

"Mama, kaa," mwenyekiti alinong'ona. "Jua kali."

"Jua tumezoeana." Akaanza kusimulia. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kunyamaza ili waisikie. Alisema njia ya viatu ilikuwa ya mumewe, na bila njia ile kijana angefika kwao. Alisema pia kwamba mumewe hakurusha jiwe. Waliorusha hakuwataja. Baadhi yao walikuwa wamekaa mbele, kwenye viti vya wageni, wakitazama viatu vyao.

Mwenyekiti alimtazama fundi rangi aliyekuwa akingoja mlangoni na kopo lake, akamtikisia kichwa kumkataza.

Inspekta aliikunja ile karatasi. "Mama, huyo kijana alikuwa anaitwa nani?"

Mama Koplo alilijua jina, lakini hakulisema. Aligeuka nyuma. Mshonaji akasimama, akalitaja jina la kaka yake, la baba yao na la babu yao, taratibu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

Alasiri majina yalikuwa yameandikwa, na la kwanza lilikuwa la sajini. Mama Koplo alisimama mbele ya ukuta mpaka macho yakamuuma kwa harufu ya rangi. Kisha akatoka, akapita sokoni.

"Hawakuliandika," alisema.

"Nimesikia, mama." Mshonaji aliondoa vitambaa kwenye kigoda, akakisogeza karibu na cherehani. "Kaa."