Jani la Mpapai Ndani ya Ndoo

Siku serikali ilipowaletea bomba uani, mama mkwe alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na begi kubwa bila kusema ataondoka lini.

Fundi akafungua koki. Bomba likakohoa, likapiga chafya, kisha likatema maji. Majirani wakapiga vigelegele. Mama mkwe akakinga kiganja, akanusa, akamwaga.

"Yananuka hospitali," akasema. "Na mimi siumwi."

"Ni dawa ya kuua wadudu, Mama," mkwe wake akamwambia.

"Wadudu wa kisimani tumeshazoeana."

Watu walicheka, lakini mkwe hakucheka. Masika yaliyopita, hao wadudu walimlaza mama mkwe kitandani, tumbo likamwendesha mpaka akawa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Mume wa mkwe ni dereva wa lori, na wakati ule alikuwa safarini. Mkwe ndiye aliyemshika mkono kumpeleka chooni, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, huku akijikaza asilie. Aliolewa akiwa hana mama. Mama alimpata katika nyumba ile, na hakuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya kikombe cha maji.

Tatizo ni kwamba mama mkwe alikwisha kusimama katika mkutano wa kijiji, kanga kiunoni, akaapa mbele ya wote kwamba maji ya bomba hayatapita kooni mwake. Sasa angeyanywaje, na waliomsikia wapo?

"Bomba mfulie nguo," akaamua. "Mimi niletee ya kisimani, unitilie mtungini."

"Sawa, Mama."

Asubuhi mkwe akajitwika ndoo, akashika njia ya bondeni kama kawaida. Alipofika kwenye kona ya fundi cherehani, rafiki yake, akatazama nyuma, akatazama mbele, akachepuka.

"Mwenzangu, mbona na ndoo? Bomba lenu limeharibika?" fundi akauliza.

"Bomba zima. Mama anataka maji ya kisimani."

Fundi akamwangalia, akaiangalia ndoo, akaelewa. Akafungua koki yake uani. "Basi karibu kisimani, mama. Angalia usiteleze."

Ndoo ikajaa mara moja, na hapo ndipo walipogundua shida. Bondeni ni mbali. Akirudi sasa hivi, mama atajua. Ikabidi akae. Akakaa barazani, akapewa vifungo vya kushona, wakaongea mpaka mbavu zikawauma kwa kicheko. Wakati wa kuondoka, fundi akachuma jani la mpapai uliokuwa kando ya bomba, akalilaza juu ya maji yasimwagike njiani, kama wanawake walivyofanya siku zote.

Nyumbani, mkwe aliyamimina mtungini akayaacha wazi mpaka harufu ya dawa ikaisha. Kesho yake mama mkwe akachota, akanywa, akapangusa midomo.

"Haya sasa ndiyo maji! Si yale ya wagonjwa."

Mkwe akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Mambo yakaendelea hivyo. Baada ya muda, pale barazani akatokea mkwe wa seremala na ndoo yake. Akafuata mkwe wa mwenye duka. Kila mmoja alikuwa na mama mkwe nyumbani aliyeapa naye mkutanoni. Ndoo zikapangwa ukutani, na kila aliyeingia aliulizwa, "Njia ya bondeni ikoje leo?" naye alijibu, "Tope tupu, jamani, nusura nianguke."

Kusema kweli, mkwe aliipenda safari ile. Baba mkwe alikuwa mzee mwema, lakini hakuweza kumwona mkwe ameketi bila yeye kupoteza kitu.

"Mkwe! Viatu vyangu viko wapi?"

"Miguuni, Baba."

"Aa. Na redio je?"

"Inaongea hapo mapajani mwako, Baba."

Basi siku moja mkwe alirudi na ndoo kichwani, jani likielea juu, akamkuta Bwana Maji amekaa uani. Huyo ndiye aliyetumwa na serikali kupita nyumba kwa nyumba kuangalia mabomba. Kofia yake ngumu aliiweka gotini kama sufuria.

"Bibi," alikuwa akimwambia mama mkwe, "nimekuja pia kuwajulisha. Kile kisima cha bondeni tumekifunika kwa zege. Tangu wiki iliyopita."

Mkwe akasimama pale pale. Ndoo ikawa nzito kuliko siku zote. Mama mkwe aliitazama ndoo. Bwana Maji naye akaitazama. Hata kuku, aliyekuwa akidonoa karibu na bomba, alisimamisha shingo.

"Na huyu," Bwana Maji akauliza, "anatoka wapi?"

Mkwe akaishika ndoo kwa mikono miwili. Kilichomtisha hakikuwa aibu. Aliona mbele yake masika mengine, na mama akijitekea maji mwenyewe kwenye dimbwi la ng'ombe kwa hasira.

"Anatoka kwa fundi cherehani," mama mkwe akasema bila haraka. "Wewe endelea na bomba lako, baba. Hilo jambo ni letu."

Bwana Maji alipokwenda zake, mkwe akatua ndoo, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Niliogopa utaumwa tena."

"Inuka, unachafua nguo. Ulidhani sijui? Kisimani kule nimechota maji tangu nikiwa bibi harusi. Bondeni kuna migomba na matete. Mpapai umeota lini?"

Mkwe akalitazama lile jani, akataka ardhi imfiche.

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ndoo ya kwanza. Mtungi nao nauosha mwenyewe, haukai tope tena. Na tumbo langu limetulia."

"Sasa mbona ulininyamazia, Mama?"

Mama mkwe akaligeuza lile jani kwa kidole. "Zamani ulikuwa ukirudi bondeni umechoka, hata salamu ni shida. Siku hizi unarudi unacheka peke yako. Ningesema najua, ungekosa pa kwenda, na huyu mzee angekumaliza na viatu vyake."

Wote wawili wakacheka mpaka mama mkwe akashikilia bomba asianguke. Ilikuwa mara ya kwanza kuligusa.

Asubuhi iliyofuata, mkwe alikuta ndoo imekwisha kuwekwa mlangoni. Ndani mlikuwa na chupa ya chai na karanga zilizofungwa kwenye kitambaa, za kuwatosha wote wa barazani.

"Mkwe!" mama mkwe akaita kwa sauti ya kusikika mpaka ukumbini. "Maji ya kisimani yamekwisha!"

Baba mkwe akapunguza redio. "Kisima si kimefunikwa?"

"Ndiyo maana," akajibu mkewe. "Leo itabidi aende mbali zaidi. Atachelewa."