Wamerudisha Saa Nyuma

Saa saba kamili mchana Macho alisukuma kiti nyuma akainuka. Msimamizi akamkandamiza bega mpaka akakaa tena.

"Unakwenda wapi?"

"Zamu imeisha, bosi."

"Imeisha kwa saa ya nani? Wateja wa ng'ambo wamerudisha saa zao nyuma, kama kila mwaka majira ya baridi yakikaribia. Huko bado giza. Utatoka saa nane."

Haya, watu wazima na akili zao timamu wanarudisha saa nyuma, kisha anayeumia ni mwingine kabisa. Walimwita binti huyu Macho kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutazama: kamera kumi na mbili za maghala ya ng'ambo, kwenye skrini moja. Mchana wake ulikuwa usiku wao. Wao wakilala, yeye analinda. Kila siku saa saba alishuka mbio kumsaidia mama yake, muuza viatu vya mitumba kando ya barabara chini ya jengo, kufunga mzigo na kuondoka kabla askari wa jiji hawajapita saa saba na nusu. Mama ana goti bovu. Peke yake hawezi.

"Bosi, nipe dakika kumi tu. Mama yangu yuko hapo chini."

"Ukitoka usirudi. Wako wengi wanaokitaka hicho kiti."

Alikaa. Nyumbani hapakuwa na mwingine mwenye kazi.

Saa saba na nusu gari lilifunga breki barabarani. Macho alilijua. Ikapinduliwa meza, watu wakapiga mayowe, kisha yakaanza marungu. Katikati yake akaisikia sauti ya mama.

"Mwanangu! Njoo, wananiua!"

Alichupa. Msimamizi alimdaka nywele mlangoni, akamgongesha paji la uso kwenye fremu mara mbili, akamburuta mpaka kitini.

"Tazama kazi yako."

Damu ilimwingia jichoni. Kwenye kamera ya saba mtu alikuwa anakata kufuli. Macho akabonyeza kengele, mkono ukienda wenyewe kama ulivyozoeshwa. Baada ya dakika nne polisi wa huko walifika, wakamlaza mwizi kifudifudi na kumkanyaga shingo. Barabarani mama hakuwa akiita tena.

"Safi sana," msimamizi alisema. "Umeona faida ya kutulia?"

Saa nane alimfungulia mlango. Macho alimkuta mama ameegemea ukuta, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo, mdomo umechanika. Hata kandambili moja haikubaki. Muuza karanga wa jirani alikuwa anampepea kwa boksi.

"Nilikuita," mama alisema.

"Nilikusikia, mama. Huko wamerudisha saa nyuma. Ilibidi ningoje mpaka waamke."

Mama alitema damu, jino likaanguka nayo. Alilitazama, kisha akamtazama binti yake na lile paji lililopasuka.

"Na wenyewe wamelala salama?"

"Salama, mama."