Daktari wa Nyumba Yetu

Mimi niliacha shule darasa la tano. Si kwa dhiki yoyote: mwalimu aliniita ubaoni, nikaona haya, nikapitiliza mpaka nyumbani, na kesho yake sikurudi. Ndiyo maana mdogo wangu Nusaiba alipopata chuo cha uuguzi Unguja, nilijivuna kama niliyekipata mimi. Mimi nisiyeweza kumwamkia mgeni ila nyuma ya mlango, nilizunguka Mtambile nzima, huku Pemba, nikinong'ona kwamba kwetu kuna daktari.

Jina likashika. Hata Baba akawa anampigia simu: "Daktari, usituangushe."

Likizo hii alirudi amekonda. Halali usingizi, hali chakula. Aliniambia mimi peke yangu, maana mimi sisemi na watu: amefeli somo moja, atalirudia, na kila simu ya nyumbani ikiita anaogopa kuipokea. Na Baba keshaalika watu Ijumaa, dua ya kumshukuru Mungu kwa daktari wake.

Alhamisi tulikuwa jamvini tunachambua karafuu, Baba anaanika hapo uani. Akaja jirani yetu Bi Mwanakhamis, akaketi, akanyoosha mguu.

"Daktari, nitazamie goti hili. Hospitali sikwenda, nakungoja wewe."

Nusaiba akaacha kuchambua, akalia.

"Kijicho hicho," alisema Mama. "Kesho aandikiwe kombe la aya, anywe."

"Atazame goti kwanza," alisema Bi Mwanakhamis.

Nilivuta kanga mpaka puani. Maneno mazuri niliyapanga, lakini yaliyotoka ni haya, tena nikiliambia pakacha la karafuu: "Baba, si kijicho, ni sisi. Kafeli somo moja, anatuogopa. Na huo udaktari niliuzusha mimi."

Baba aliacha kuanika. "Somo moja tu?"

"Moja."

"Mimi darasa la saba nilifeli yote, na sikusomewa dua." Akamgeukia Nusaiba. "Mwanangu, kesho itasomwa dua ya afya yako. Udaktari tuuweke kando kwanza."

Bi Mwanakhamis alirudisha mguu wake taratibu, kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Nusaiba hakunisemesha siku mbili, kwa kuitoa siri yake. Lakini Ijumaa ile alilala mpaka watu wa dua wakaanza kupiga hodi, na Mama akanikataza kumwamsha.