Sauti ya Mama kwenye Spika

Bendi yao haikuwa na hata wimbo mmoja. Walikuwa watatu: Waya, mpiga gitaa, aliyepewa jina hilo kwa sababu hukumkuta bila waya mkononi, Baba Pacha, mpiga dramu, na mpiga besi, ambaye siku za kazi alifundisha hesabu na Jumamosi alikataa katakata kuhesabu. Walipanda jukwaani bila kujua wataanza na nini. Mmoja alitoa mlio, mwingine akaudaka, na kilichozaliwa hapo kilikufa hapo hapo. Wapo waliosema ni makelele tu. Wapo waliotoka wakifuta machozi.

Wa nne hakuonekana. Alikaa nyuma ya ukumbi mbele ya miksa, mashine ya kuchanganya sauti, na kila sauti ilipita mikononi mwake kabla haijawafikia watu. Wote walimwita Fundi, isipokuwa Waya, aliyemwita Dada, maana walikuwa tumbo moja.

Jumamosi moja alasiri walipiga katika jengo lililokuwa zamani kiwanda cha uchapaji. Sakafu ilikuwa bado na madoa ya wino. Kabla ya kuanza, walipokuwa wakifunga vyombo, Waya alileta waya mmoja wa ziada, akauchomeka kwenye simu yake.

"Hiyo ya nini?" Fundi aliuliza.

"Kuna vitu nimerekodi. Milango, mvua. Nikijisikia nitaviweka."

"Umekula?"

"Nimekula, Dada."

Hakuwa amekula. Fundi alimjua mdogo wake hata akiwa amempa mgongo.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha Waya akaliachia gitaa livume lenyewe, akachuchumaa, akagusa simu. Ukumbi mzima ukasikia kitanda kikilia na mtu akihema kwa shida.

"Umemwambia dada yako?"

Fundi alidhani amesikia vibaya. Mama yao alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, wakati yeye yuko safarini na kikundi cha maigizo, akiwafungia spika mji hadi mji. Waya ndiye aliyempigia simu. Alisema Mama alilala vizuri tu, asubuhi hakuamka. Miaka yote mitatu Fundi alijipoza kwa maneno hayo: hakuteseka, hakuita mtu.

"Mwambie aje," Mama alisema kwenye spika. "Hata kama ana kazi."

Ikafuata sauti ya Waya: "Nimemwambia, Mama. Yuko njiani."

"Tangu jana yuko njiani tu?"

Baba Pacha hakujua lolote. Aliidaka ile pumzi, akaifuata taratibu kwa brashi juu ya ngozi ya dramu. Besi ikaingia chini yake. Msichana wa mstari wa mbele alifumba macho, akaanza kuyumba.

Fundi angeweza kuikata. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Badala yake akashusha dramu, akashusha besi, akashusha gitaa, mpaka Mama akabaki peke yake ukumbini. Alitaka kusikia mpaka mwisho, hata kama ni mbele ya watu themanini.

Mama alikohoa. "Basi akifika, usimgombeze."

Rekodi ikaishia hapo. Fundi akazima kila kitu. Watu wakasimama kwa makofi na vifijo, na yale makofi yalimuuma kuliko vyote. Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Waya alimkuta uani, ameegemea ukuta.

"Aliumwa siku ngapi?" Fundi aliuliza.

"Mbili."

"Nilikuwa umbali wa safari ya siku moja tu."

"Najua."

"Unajua, na ukaninyamazia?"

"Daktari alisema ni homa, itashuka. Nikaona nikikuita utaacha kazi bure. Siku ya pili nikaogopa. Nikasema ngoja kupambazuke. Kulipopambazuka, ningekwambia nini?"

"Na leo? Mbele ya watu?"

"Sikupanga. Kila nikija kwako mdomo unakuwa mzito. Pale juu mikono imekwenda yenyewe."

"Usiniletee habari za mikono. Simu uliichomeka mwenyewe, nikikuangalia."



Baba Pacha akachungulia mlangoni, jasho likimtiririka, meno yote nje. "Jamani, leo tumepiga! Sauti ya yule bibi umeitoa wapi?"

"Ni mama yetu," Fundi alisema.

Baba Pacha akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nimempigia dramu mama yenu anakata roho?"

"Hukujua." Akamgeukia mdogo wake. "Nitumie yote. Usikate hata sekunde."

Fundi hakurudi tena kwenye miksa yao. Walitafuta fundi mwingine. Waya alikwenda kwake kila Ijumaa baada ya kazi. Mwezi mzima alizungumzishwa mlangoni, kama mtu aliyekuja kusoma mita. Ijumaa ya tano Fundi akasogea, akampisha aingie.

Walikaa jikoni, simu ikiwa katikati ya meza, wakasikiliza mara moja. Fundi hakusema amemsamehe. Alitaka kujua zile siku mbili, saa kwa saa: Mama alikula nini, alivaa nini, nani alimwogesha.

"Mimi," Waya alisema. "Maji yalikuwa ya moto kidogo. Akaniuliza kama namwogesha au namchemsha."

Fundi akacheka, akacheka sana, kisha kicheko kikageuka kilio. Mdogo wake alibaki kwenye kiti chake, mikono magotini, bila kujua kama anaruhusiwa kumshika.