Amédée wa Juu ya Mabati

Laetitia alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja alipoona viatu vya kaka yake vikipita dirishani, miguu ikiwa ndani yake. Akamalizia msuko, akauchoma ncha kwa kiberiti, ndipo akatoka nje.

Amédée alikuwa amesimama hewani usawa wa mabati, mikono mfukoni, akinuka lutuku, pombe kali ya kienyeji. Tangu amzike mkewe Mira alikuwa akipanda hivyo, kwanza shubiri, kisha kimo cha goti. Mjini Kamina watu wamewaona wengi wa namna hiyo. Pombe peke yake haimwinui mtu, wala huzuni peke yake. Zikikutana, basi, mtu anaacha udongo.

"Leo amefika ku mabati," mteja akasema, akishika upande ambao haujasukwa. "Pasta atamufata."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa Laetitia. Katika chumba cha maombi cha Pasta Kitwa, waliopaa hufungwa kamba kwenye nguzo mpaka wawe wazito. Mtoto wa Mama Mwila alifungwa humo kiangazi kilichopita. Uzito aliupata, wanaume sita walipokezana kumbeba kwenda makaburini.

Lakini Laetitia alikuwa amefundishwa. Wasusi, washonaji, wauza makaa, wote waliitwa kwenye ukumbi wa parokia, na Bwana Timothée wa kutoka Lubumbashi akawafundisha namna ya kumsaidia mtu aliyezidiwa na pombe au mawazo. Usimcheke. Usimpigie kelele. Usimfunge. Kaa naye, kisha mpeleke kwa wenye ujuzi. Kila mmoja akapewa fulana iliyoandikwa kifuani: HATUFUNGI MTU.

Bwana Timothée alikuwa bado mjini, akaitwa. Akaomba kiti, akapanda juu yake ili awe karibu na mgonjwa.

"Bonjour, papa. Unajisikiaje?"

Amédée akapanda mpaka kwenye antena ya jirani.

"Shuka ku kiti, Papa Timothée," Laetitia akasema. "Unasalimia mukubwa na weye uko juu. Ye atafanya nini? Ataongeza."

Akaketi chini mavumbini, akakunja miguu, akapiga viganja taratibu, akamsalimia kaka yake kwa Kiluba kama alivyofundishwa na bibi yao. Salamu ya namna ile Muluba haiachi bila jibu, na haijibiwi kwa kupigiana kelele juu ya mapaa. Amédée akateremka, akaketi kwenye kigoda.

"Eyo, vidye," akaitika.

"Yaya, umekula?" Laetitia akamuuliza kaka yake.

"Kule juu bukari haiko."

"Kuko nini?"

Akafikiri. "Nilizani Mira iko kule. Haiko."

Alipokwisha kula ugali aliopewa, Laetitia akamshika mkono, wakaenda hospitalini. Muuguzi aliyewapokea alikuwa amevaa fulana ileile.

"Bagonjwa ba kupanda tunabatuma kwa bantu benye kufundishwa," akaeleza.

"Njo minyi," Laetitia akajibu, akijigusa kifuani.

"Basi umefika, mama."

"Na dawa?"

"Balisema itakuya."

Wakarudi. Njiani visigino vya Amédée vilianza kuacha ardhi, na Laetitia akawa anamvuta kama mtu anayevuta baiskeli yenye mzigo. Mlangoni walimkuta Pasta Kitwa na kamba yake. Aliwaamkia vizuri, akauliza habari za watoto.

"Si kwa ubaya, dada. Utamukamata na mikono mpaka lini? Bichwa ya bantu atasuka nani?"

Laetitia akaiangalia kamba. Ilikuwa imelainika kwa kutumika.

"Nipe," akasema.

Ncha moja akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa kaka yake, nyingine kiunoni mwake mwenyewe, juu ya fulana ya mafunzo. Tangu siku hiyo anasuka hivyo sokoni. Wateja wakifika wanaketi chini, wanapiga viganja. Amédée anashuka, anaitikia, anakula kidogo, anapanda tena. Upepo ukizidi, Laetitia anasuka akisimamia ncha za vidole vya miguu.

Dawa haijaja. Bwana Timothée alikuja, akiwa na kundi jipya la kufundisha, akamwita Laetitia asimame mbele ya ukumbi kama mfano. Kamba ilitoka kiunoni mwake, ikapitia dirishani, ikaenda juu. Wakapigwa picha.

"Tuseme wote," Bwana Timothée akasema. "Hatufungi mtu."

"Hatufungi mtu," ukumbi ukaitikia.

Laetitia naye alisema, huku ameshikilia meza ili asiinuke.